Jiwe Lililopiga Chafya

Kabla ya kulipima jiwe lolote, mpima madini hulilamba kwanza. Ndivyo wanavyofanya wenye kazi hiyo: ulimi hutambua chumvi na udongo upesi kuliko mashine. Asubuhi hiyo alilisuuza jiwe kwenye bomba la maabara, akalilamba pembeni. Lilikuwa na joto kidogo, kama shavu la mtu aliyetoka usingizini, na halikuwa na ladha ya jiwe lolote alilowahi kulitia mdomoni.

Mwenye jiwe, mama wa makamo mwenye matope viatuni, alimtazama kutoka kiti cha wageni. Alikuwa ameliokota mlangoni pa shimo la mgodi lililoporomoka mwanawe akiwa ndani. Mgodi ulisema hakuwamo: siku ile hakufika kazini, pengine alitoroka na mwanamke, kwa hiyo hakuna wa kufukuliwa. Mama alitaka kitu kimoja tu, mwanawe atolewe azikwe.

"Hata sijui kwa nini nimekuletea wewe, binti," alisema. "Moyo tu umenituma."

"Umefanya vizuri, mama. Hebu tulione."

Kwa kawaida kazi ya mpima madini ilikuwa kuvunja watu moyo kwa upole. Walimletea almasi, akawarudishia vipande vya chupa. Leo alivipanga vifaa vyake mezani kwa hamu. Kisu hakikulikwaruza jiwe. Sumaku haikulitaka. Akalisugua kwenye kigae cheupe, maana kila jiwe huacha hapo rangi ya unga wake. Hili liliacha mluzi, mfupi, wa kupanda na kushuka.

"Huo wa kwake," mama akasema. "Akifika kona ya nyumbani hupiga hivyo, nianze kumpashia chakula."

"Anajua kupiga," mpima madini akasema, akachukua chupa ya tindikali. Yapo mawe yanayotoa povu yakidondoshewa tindikali. Hili lilipiga chafya.

"Pole, baba," mama akaliambia.

Furaha ilimpanda mpima madini hadi masikio yakawa ya moto. Alikuwa amesubiri jiwe lisilojulikana tangu alipoanza kazi. Akaomba ruhusa ya kukata kijipande chembamba, mama akamwambia akate, ila taratibu, na kijipande kikawekwa chini ya hadubini.

Ndani yake mlikuwa na shimo zima, na kijana aliyekaa juu ya ndoo akifunga kamba za kiatu. Dari lilikuwa tupu juu yake, bila nguzo hata moja ya kulishikilia. Kijana aliinua uso, akalionyesha dari kwa kidole, kisha akapunga mkono.

Mama alisogezewa kiti. Alicheka na kulia kwa pamoja.

"Amekonda," alisema. "Lakini ndiye. Na si unaona yuko kazini?"

"Yuko kazini kabisa," mpima madini akakubali, akampigia simu meneja wa mgodi huku akirukaruka. Sasa ushahidi ulikuwa mezani, tena unapiga mluzi. Mgodi ungefukua tu.

Meneja alifika mbio. Alichungulia kwenye hadubini. Alikubali kwamba ni kijana yule, kwamba siku ile alikuwa kazini, hata kwamba nguzo hazikuwepo. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa yanang'aa.

"Dunia nzima hakuna jiwe kama hili?"

"Hakuna."

"Na limetoka kwenye shimo langu."

"Basi mtamtoa lini?" mama akauliza.

"Mama yangu, si huyu hapa, ameshatoka," meneja akasema kwa upole wa kweli, akampa mkono wa pongezi.

Wiki hiyohiyo shimo jipya lilianza kuchimbwa kando ya lile la zamani ili kuyafuata mawe ya namna ile. Vijana waligombania nafasi. Nguzo zingechelewesha kazi, hivyo ziliachwa. Shimo lilipoporomoka na vijana ndani, mawe mazuri yalipatikana kwa wingi, na mgodi ukainunulia maabara hadubini ya pili, kwa kuwa foleni ya jamaa zao ilikuwa imefika barabarani. Aliyeipanga foleni hiyo ni yule mama wa kwanza, ambaye mwanawe bado hajafukuliwa. Watu walisogea kwa zamu, wakichungulia mlangoni kwa hamu. Mpima madini alimwita wa mbele, msichana mjamzito, akamrekebishia urefu wa kiti.