Tanuri Halifunguliwi Bila Hodi

Fundi wa mikate alijua kununa, na kununa kwake kuliutesa mtaa mzima. Akiudhiwa kidogo tu, labda dada yake kamwambia akung'ute viatu kabla ya kuingia bekari, basi kesho yake kichwa kinamgonga, mgongo unamkata, bekari haonekani. Na asipoonekana, mkate unatoka mgumu kama tofali, watu wanakunywa chai kavu huku wakimsema dada mtu. Jioni dada anajikokota hadi kwake kumbembeleza. "Mdogo wangu, bila wewe sisi si kitu." Hapo hapo mgongo unapona. Jamani, hata hospitali hawana dawa ya haraka namna hiyo!

Lakini naye alikuwa na donda lake. Binti yake wa pekee aliolewa mji wa mbali, na siku ya harusi baba mtu alikuwa mbele ya tanuri, maana kulikuwa na oda kubwa na hakuna mwingine wa kuichoma. Alipenda kujisifu: "Mimi hata harusi ya mwanangu sikwenda, kazi ingelala." Binti yake hakuwahi kuisikia habari hiyo akacheka.

Dada alipochoka kubembeleza, akamleta bekari bintiye aliyekuwa amemaliza masomo ya biashara. Msichana hakuzunguka. "Mama, mtu mmoja akiugua, biashara nzima inaugua. Kila kazi iandikwe, ibandikwe ukutani, ili yeyote aifanye."

Fundi aliposikia, damu ilimchemka. Akufukuzaye hakwambii toka! Akaanza kuzungushana na mpwa wake.

"Mjomba, unajuaje kama moto uko sawa?"

"Ukiwa sawa, naona uko sawa."

"Sawa ikoje?"

"Sawa ni sawa, mama. Kwani shuleni hamkufundishwa?"

Msichana alimganda kama kupe. Fundi akiinama, naye anainama. Fundi akifuta jasho, naye anaandika. Mwisho uvumilivu ulimwishia mjomba mtu. Wanataka hatua? Atawapa hatua.

"Haya, andika," alisema, akiwa amesimama pale pale anaposimama kila asubuhi, shavu karibu na mlango wa tanuri. "Kabla ya kutia mkate, unainama hapa, unaliamkia tanuri."

"Kuliamkia?"

"Shikamoo, tena polepole, kwa adabu. Tanuri hili lilimkuta mama yako hajaolewa. Wewe ulitaka uliambie mambo? Na mtu mzima mwingine aitikie marahaba kwa niaba yake. Bila marahaba, usitie kitu."

Kalamu ikakimbia.

"Unga ukishakandwa, unaufunika, mnakaa kando yake mnapiga umbea. Unga unapenda umbea. Ukiusikia, unavimba."

"Umbea kiasi gani?"

"Mpaka mada iishe. Tena usiwe umbea wa mtu mmoja, uwe wa nyumba nzima."

Mama Pacha, aliyekuwa akikata madonge, alisema hatua hiyo aandikiwe yeye, ataanza leo.

"Na mlango wa tanuri haufunguliwi ovyo. Unapiga hodi, unangoja ukaribishwe."

"Nitajuaje kama nimekaribishwa?"

"Harufu itakuja kukupokea mlangoni kama mwenye nyumba."

Yakaandikwa yote. Yakachapwa, yakawekwa kwenye nailoni ngumu, yakabandikwa ukutani. Fundi alifika nyumbani akacheka peke yake hadi mbavu zikamuuma. Mtu mzima ovyo!

Hata kicheko hakijapoa, simu ikalia. Binti yake kajifungua, mtoto wa kike.

"Baba, safari hii usiniambie habari za mkate," alisema. "Usipokuja kumbeba mjukuu wako, sitakuita tena. Sijanuna. Nimechoka tu kukungoja."

Maneno yale yalimwingia. Binti angepiga kelele, angemjibu. Lakini sauti ya mwanawe ilikuwa ya upole, na upole ule ulimtisha. Akaenda kwa dada yake kuomba ruhusa, akiwa na hakika atakataliwa.

"Nenda!" dada aliruka kwa furaha. "Kaa hata mwezi. Karatasi si iko ukutani?"

Lo! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bekari ile waliachiwa na mama yao. Akinyamaza, itakufa mikononi mwa watu wanaoamkia tanuri.

"Dada," alisema, macho chini, "ile karatasi ni uongo. Shikamoo, hodi, umbea, vyote nilitunga."

Dada alifunga mikono kifuani. "Mwanangu alisema. Alisema, mama, kazi ikishaandikwa mjomba ataikana, ili turudi kumbembeleza."

"Haki ya nani, dada, nakwambia kweli!"

"Kweli yako naijua, inakaa mgongoni. Nenda kamwone mjukuu."

Alisimama nje na begi lake, akiitazama bekari. Akibaki, mkate utapona na mwana atampotea. Akienda, mkate basi. Akavuta pumzi. "Liwalo na liwe," alisema, akaenda.

Kule alimbeba mjukuu mpaka akaambiwa amlaze, mtoto si donge la unga. Lakini simu ikilia, roho inampaa. Hakuna aliyempigia kutoka bekari. Mwanzo alishukuru. Baadaye ikaanza kumuuma. Hata kuuliza chumvi!

"Baba, umenuna?" binti yake alimtania.

"Sijanuna."

"Umenuna, baba. Hata mtoto kaona."

Siku ya kurudi, harufu ilimkuta kabla hajakata kona. Mkate. Tena mkate wenyewe. Watu wamepanga foleni, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Ndani, Mama Pacha na wenzake walikuwa wamekaa kando ya unga uliofunikwa, umbea umekolea. Walipomwona wakanyamaza ghafla, na hapo akajua ni nyumba ya nani iliyokuwa inasemwa.

"Endeleeni," alisema. "Unga usije ukalala."

Mpwa wake alikuwa ameinama mlangoni pa tanuri. "Shi..." alianza, akaruka nyuma. "Bado! Linaunguza kope. Moto ukizidi, shikamoo haimaliziki."

Fundi alishikwa na butwaa. Pale alipoinama msichana ndipo alipoinama yeye miaka yote, akipima moto kwa shavu bila kujua kwamba anapima. Na unga aliuacha upumzike vile vile, ila yeye alikuwa akipumzika nao kimya. Mdomo ulikuwa ukidanganya, kumbe mwili umesema kweli. Alitaka kucheka, alitaka na kulia.

Walipotia mkate, akakaa hadi kiganja kikamwasha kwa hamu ya kufungua. Akaunyoosha mkono kwenye komeo la tanuri.

"Mjomba! Hodi!"

"Lakini mimi ndiye niliyetu..."

"Imeandikwa," alisema dada yake.

Kununa kukamjia. Kichwa kikaanza kugonga, mgongo nao ukajitayarisha. Kisha akakumbuka kwamba leo hakuna atakayekuja kumbembeleza.

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo.

Wakangoja. Harufu ikaja.

"Karibu!" waliitikia wote.

Mkate ulitoka umeiva rangi ya asali. Dada akamkatia kipande cha pembeni, kile alichokuwa akikipenda tangu utotoni. "Vipi?"

Ulikuwa mkate wake, haukupungua kitu. Machozi yalimlenga, akasingizia moshi. "Chumvi imezidi kidogo," alisema, na haikuwa imezidi.

Akatoka nje, akampigia binti yake.

"Nimefika salama, mwanangu. Huku hawanihitaji hata kidogo." Akatafuna kipande kilichobaki. "Mwambie mjukuu wangu nakuja tena mwisho wa mwezi."

"Na mkate, baba?"

"Mkate umepata wenyewe."