Mkalimani wa Mihayo

Nilimdanganyia mdogo wangu mbele ya kijiji kizima, na baba yetu akanishukuru.

Jina lake Mihayo, yaani maneno kwa Kisukuma. Mungu naye ana utani wake, maana homa ilimfanya kiziwi akiwa na miaka mitatu. Shuleni alijifunza lugha ya alama, lakini sisi nyumbani hatukujishughulisha. Tulimwita bubu, tukamwelekeza kwa kidole kama ndama. Kisha likizo moja ya mwezi wa sita paroko akampeleka Mwanza, kambi ya uongozi ya vijana viziwi. Wiki tatu tu. Huko alipewa zamu ya kuongoza wenzake ishirini, akarudi na ubishi ambao hatukuujua. Kila jioni alinikalisha na kunifundisha alama mpaka vidole vikaniuma. Akaniapisha pia: mkalimani haongezi, hapunguzi.

Mwaka huo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja kijijini kwetu, karibu na Dutwa, na malori yao kununua pamba. Fedha zilionekana, na wezi nao wakaonekana. Ng'ombe wa Mzee Mayala waliswagwa saa sita mchana, na mwano ukapigwa. Mwano ni lile yowe ambalo kila mwanamume lazima alitokee na fimbo. Asiyetokea huhesabiwa mwenzao wa wezi. Mihayo alikuwa shambani akichuma pamba, amewapa mgongo waliokuwa wakikimbia.

Tuliitwa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Mwenyekiti Athanasi akauliza, "Kiziwi si ana macho? Hakuona watu wanakimbia?"

Mihayo alijibu kwa mikono, bila haraka. Alisema ana akili kama wao. Alisema hakuja kwa sababu hakuitwa. Siku nyingine wapandishe kitambaa cheupe juu ya paa la ghala, naye atakuwa wa kwanza kufika.

Nilielewa kila neno. Lakini mwezi mmoja nyuma, pale pale, jirani yetu Ngassa alichapwa viboko kwa kukosa mwano, na siku ya tatu tukamzika. Nikafungua mdomo.

"Anasema hana akili, baba zangu. Anaomba mumhurumie."

Watu walicheka. Baba alinitazama kwa shukrani. Athanasi akamwambia karani aandike kwenye daftari la kijiji kwamba Mihayo hana akili timamu, asihesabiwe tena kwenye mwano.

"Umesema nini?" Mihayo aliniuliza.

"Ulivyosema."

Aliwatazama waliokuwa wakicheka. Kicheko hakihitaji mkalimani. Miezi kumi hakunipa tena alama hata moja. Alichunga mbuzi pamoja na watoto, na hata watoto wakajifunza kumcheka. Nilijiambia kwamba angalau yu hai. Nilijichukia kwa kujiambia hivyo.

Kisha ikaja barua kutoka kambini. Walimtaka arudi, safari hii awe kiongozi wa vijana wapya. Kilichohitajika ni muhuri wa mwenyekiti.

"Specioza mwanangu," Athanasi aliniambia, tena kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi. "Daftari linasema hana akili. Nitampaje muhuri akaongoze watoto wa watu?"

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mihayo yote, tangu siku ile ya uwanjani. Nilidhani atanizaba kofi, na ningelipokea. Badala yake akaniuliza, "Jumamosi kuna mkutano. Utakuja kunitafsiria?"

Jumamosi alisimama mahali ambapo kila mtu angemwona. Nami nikasimama kando yake nikasema alichosema, neno kwa neno: "Dada yangu aliongopa. Mimi nina akili. Sikuja kwa sababu sikuitwa. Pandisheni kitambaa cheupe juu ya paa la ghala, nami nitafika wa kwanza." Alinisubiri nimalize.

Athanasi alijikuna kidevu. "Kama ana akili, basi kosa lake la mwaka jana lipo. Mwenye akili akikosa mwano ni viboko kumi na viwili. Achague: maandishi yabaki, au yafutwe na achapwe."

Nilitafsiri hayo, na mwisho nikaongeza: kubali yabaki, nakuomba.

Mihayo akanikazia macho. "Hilo la mwisho kasema yeye au wewe?"

"Mimi."

Akavua shati, akalikunja vizuri, akanikabidhi pamoja na barua.

Baba alikwenda nyuma ya ghala. Mimi nilibaki, kwa kuwa mkalimani haondoki mkutano haujafungwa. Mihayo hakuwa na sauti ya maneno, lakini ya maumivu alikuwa nayo, na safari hii hakuna aliyecheka. Walipomaliza alijiinua, akachukua barua mikononi mwangu, akaiweka mbele ya Athanasi. Karani akafuta mstari ule. Muhuri ukagongwa. Kitambaa cheupe hakuna aliyekitaja, na hadi leo hakijapandishwa.

Siku tatu nilimlinda kama kifaranga nikimwaza Ngassa. Siku ya nne nilimsindikiza Dutwa kupanda basi la Mwanza. Alipata kiti cha dirishani, akakaa ameinamia mbele, mgongo usiguse kitu, na safari ilikuwa ya saa nyingi. Basi lilipoanza kuondoka aligeuka, akanipa alama moja tu kupitia kioo: mkalimani.

Nililia pale stendi mbele za watu, nikiwa bado nimenyanyua mikono kumjibu.