Robo Saa ya Kathmandu

Barua ya kumfukuza kazi dada Junu ilikuwa ishachapwa, imebaki sahihi tu. Bosi Tuladhar kaishika, kalamu mkononi, mimi niko mbele ya kompyuta naambiwa, "Ashesh, mwonyeshe Junu aone mwenyewe."

Nikafungua ukurasa wa ghala letu la mafaili, lile la mtandaoni. Nikaandika jina la ile ramani ya maporomoko ya ardhi iliyopotea, kazi ya miezi mitatu, nikaomba taarifa zake. Zikatoka. Ukubwa: sifuri. Aliyebadilisha: "ofisi", maana wote tunaingia kwa jina hilo hilo. Muda: leo, saa saba na dakika hamsini na mbili.

"Muda huo nani alikuwa humu?"

Mashine ya alama za vidole mlangoni ilishajibu. Mimi na Junu tunapokezana kwenda kula. Nilirudi saa nane kamili, ndiyo na yeye akatoka kwenda kula momo, vile vitumbua vya nyama vya mvuke. Kabla ya hapo alikuwa peke yake.

"Bosi, sijaigusa! Haki ya mama yangu!"

"Kwa hiyo imejifuta yenyewe?"

Jamani, Junu ndiye aliyenifundisha kazi! Nikasema hapana, kuna kitu hapa. Nikapandisha picha ya paka kutoka kwenye simu yangu, kujaribu tu. Simu inasema saa tisa na nusu. Nikaomba taarifa za paka. Ghala likajibu: saa tisa na robo.

Niliruka kwenye kiti!

"Bosi! Ghala linatumia saa ya India! Sisi Nepal tuko mbele yao kwa robo saa!"

"Kwa hiyo?"

"Ongeza dakika kumi na tano! Ni saa nane na dakika saba! Dada Junu alikuwa kwenye momo zake!"

Junu akacheka huku analia. "Mdogo wangu, leo nakununulia sahani mbili!"

Bosi hakucheka. "Na saa nane na dakika saba, humu alikuwa nani?"

Nikakumbuka. Jicho moja kwenye kriketi, kwenye simu, mkono mmoja nahifadhi faili jipya la ramani nyingine, bado tupu. Kompyuta ikauliza: jina hili lipo tayari, nibadilishe? Nikabonyeza ndiyo. Hata sikusoma.

Junu ananiangalia. Kicheko kimemkatikia mdomoni.

"Mimi, bosi."

Bosi akakata jina la Junu kwenye barua kwa mstari mmoja.

"Jina lako la ukoo nani vile?"