Msomaji wa Pili

Kaka yangu Zahoro alifariki mwezi wa Mfungo Tano, mwaka 1937. Waliokuja matangani walimsifu kwa mambo mengi, lakini hili hakuna aliyelitaja, ndiyo maana naliandika.

Alikuwa msaidizi wa maabara. Kwa miezi minane, kila Jumatano, alichota kata moja ya maji katika birika la msikiti wa mtaani kwetu Kariakoo, lile la mawe la kutawadhia, akahesabu viluwiluwi vya mbu. Kisha akaandika makala. Mimi niliinakili kwa mwandiko safi, nikaipeleka kwa mhariri wa jarida la sayansi, ofisi yake karibu na bandari.

Mhariri wa jarida la namna hiyo haamui peke yake. Hupeleka makala kwa wajuzi wawili waikosoe, na mwandishi haambiwi majina yao. Msomaji wa kwanza alitaka jedwali moja lipangwe upya, basi. Wa pili aliandika: "Nilikwenda mwenyewe tarehe 12 Machi. Sikuona kiluwiluwi hata kimoja. Hesabu hizi zimetungwa."

Wakati huo Zahoro alikuwa hatoki kitandani, kifua kimembana. Aliomba kalenda.

"Ilikuwa Ijumaa," akasema. "Alhamisi jioni birika humwagwa, likasuguliwa. Mtu kachungulia sufuria iliyokwisha kuoshwa, anasema hapakupikwa! Nenda kwa Mzee Sheikhan akuandikie hilo. Sitaki kufa naitwa mwongo."

Mzee Sheikhan, msimamizi wa msikiti, nilimkuta barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye ndugu wa yule mhesabu wadudu?"

Nikamweleza shida yangu.

"Mmetuandika kwa Wazungu kwamba tunafuga mbu, halafu nitie sahihi?"

"Jina la msikiti halimo, mzee."

"Mtaa umo. Mtaa huu una misikiti mingapi? Hebu nisomee huo uchafu wenu."

Nilimsomea, nikifasiri mstari kwa mstari, naye akinikatiza. Birika si la futi sita, ni saba. Maji hayatoki bombani, yanatoka kisimani. Nilipofika kwenye jedwali akanyoosha kidole.

"Jumatano ya kabla ya Idi kubwa. Kapata ngapi?"

"Sifuri. Ameandika hajui kwa nini."

"Tuliliosha Jumanne, kwa ajili ya Idi. Hakuna aliyemwambia." Akavuta kalamu yangu. "Ndugu yako hana adabu. Lakini mwongo asingeiacha sifuri ile. Lete karatasi."

Nilipeleka cheti chake pamoja na majibu yetu. Kwa desturi ya jarida, aliyepinga ndiye husoma tena. Jibu lake lilifika siku ya tatu ya msiba: "Cheti cha mtu wa msikiti hakinitoshi. Mwandishi ahesabu tena Jumatano, nikiwapo."

Nikaenda kwa mhariri.

"Mwandishi yuko wapi?" akauliza, macho yakiwa kwenye karatasi zake.

"Tumemzika Jumatatu, bwana."

"Pole. Basi hakuna wa kujibu. Chukua makala yako."

"Si yangu. Ni yake. Nitahesabu mimi."

"Wewe ni mtaalamu?"

"Kuhesabu nilifundishwa shule."

Alinitazama kwa chuki ya mtu aliyecheleweshwa chakula chake cha mchana, kisha akaandika tarehe kwenye kipande cha karatasi.

Jumatano ile nilimkuta uani mwa msikiti Mzungu wa makamo, kofia ya jua kichwani, daftari mkononi. Hakujitaja jina, wala sikumwuliza. Mzee Sheikhan alimwamuru avue viatu, akavua, amenuna. Nilichota kata moja, nikaimimina kwenye sahani nyeupe. Viluwiluwi vilikuwa vinajipinda na kujinyoosha. Nikahesabu mara mbili.

"Arobaini na moja," nikasema.

Akainama juu ya sahani, ncha ya penseli ikifuata kimoja kimoja. Alikaa hivyo muda mrefu. Mzee Sheikhan akaguna, "Huyo naye anatafuta Ijumaa yake humo."

Yule bwana akanyanyuka.

"Arobaini na tatu," akasema. "Umeruka viwili."

Akaiandika hesabu yake daftarini, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga. Makala ilichapwa Novemba, kwa jina la Zahoro peke yake. Kwenye jedwali, mstari wa mwisho, pameandikwa arobaini na tatu.