Upande wa Tatu

Lukasi alichomeka kigingi cha mwisho, akapangusa jasho, akaikodolea macho karatasi yake. Upande wa barabarani, mita arobaini. Upande wa korongoni, thelathini na tano. Upande wa tatu, unaokatiza shamba moja kwa moja, themanini. Alikuwa ameupima mara tatu tangu asubuhi.

Hata mbuzi anajua kwamba kukatiza ni karibu kuliko kuzunguka. Arobaini na thelathini na tano ni sabini na tano. Pande hizo mbili hata ukizilaza ncha kwa ncha hazifiki themanini, sembuse kufunga pembetatu. Na jua lilikuwa la utosini, kila kitu kikionekana. 

Ndugu Filipo, msimamizi wa kijiji kipya cha Ujamaa hapo jirani na Mikumi, alikuwa amemwonya. "Trekta linakuja kesho, Ndugu Lukasi. Shamba ambalo pande zake hazifungani nalifuta kwenye orodha ya kulimwa mpaka aje mpimaji wa serikali kutoka Morogoro. Ukinifutisha hata moja, kamba ya kupimia na kazi yako nampa mwingine."

Ukingoni mwa shamba aliketi Verdiana. Nyumba yake ilikuwa shambani humu, penye upande huo wa tatu, kabla watu hawajahamishiwa barabarani. Nyumba ilibomolewa. Mumewe, Marko, alibaki, kwa kuwa alizikwa uani, na kaburi halipakiwi kwenye lori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona hukupiga hodi?"

"Wapi, mama? Hakuna nyumba."

"Wewe ndiye huioni. Mara tatu unampitia mtu sebuleni na kamba yako, halafu unataka akunyooshee njia?"

Lukasi alitaka kucheka, akajizuia. Akarudi kwenye kona, akafunga kamba kwenye kigingi, akasema kwa aibu, "Hodi."

Upepo ulikoma.

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamume, nzito kidogo, ya mtu aliye katikati ya kula. Ilitoka mahali penye majani matupu.

 Lukasi alipima hivyo hivyo, macho chini, kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika kona ya pili alikuwa ametumia kamba sita. Mita sitini. Pembetatu ilifunga vizuri kabisa.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika. Kesho jembe la trekta lingepita juu ya Marko, kwa kipimo cha mtu ambaye yeye mwenyewe alimkaribisha ndani. Verdiana hakumwomba kitu. 

Filipo alikuwa mezani, chini ya turubai. "Upande wa tatu?"

Lukasi aliwaza wanawe wanne, na unga uliobaki nusu debe.

"Themanini."

"Themanini! Wewe hesabu unaijua kweli?"

"Naijua, Ndugu. Ndiyo maana nakwambia haifungi."

Filipo alimnyang'anya kamba, akaitupa nyuma ya kiti, kisha akalikata shamba lile kwenye orodha kwa kalamu nyekundu.

Lukasi alirudi kwa miguu, mikono mitupu. Alipofika kando ya shamba, Verdiana alikuwa ameshaondoka. Palikuwa kimya. Kisha, katikati ya majani, mlango uliburuzwa taratibu, ukafungwa, na komeo likaingia mahali pake.