Pengo la Miguuni

Kiti kilikuwa kizuri. Hata dada yake fundi, mwenye ulimi wa kiwembe, hakulikana hilo. Miguu myembamba ya msaji, maungio yaliyoshikana bila msumari hata mmoja, na kikalio cha kamba za katani zilizosukwa zikabana kutoka ukingo hadi ukingo. Fundi huyo, Bi Randa kama walivyomwita karakanani, alikuwa ameuza viti vingi. Hiki kilikuwa cha baba yake, na kilikuwa na kazi moja tu: mzee anyanyuke mwenyewe.

Nyonga zilimsumbua. Kwenye sofa alizama, na kila alipotaka kwenda msalani ilibidi avutwe mikono kama gunia. Mwishowe akagoma kukaa. Hata chakula alikula amesimama, kaegemea ukuta.

Mwanzoni kiti kilimbeba vizuri. Kisha kamba zikalegea, akadidimia.

"Mwanangu, umenitengenezea kiti au kiota? Bado kutaga tu."

"Mnunulie cha plastiki, yaishe," dada mtu alisema huku akimvuta. "Urembo haumwinui mtu."

Neno hilo lilimchoma Bi Randa, ila swali lilimwasha zaidi: mbona kitanda cha kamba cha bibi, mama yake baba, alikoiga msuko huo, hakikulegea?

Kilikuwa stoo, kimesimamishwa nyuma ya makopo ya rangi. Alikitoa uani, akakipiga kofi katikati. Kikajibu kama ngoma. Akalala chali mvunguni. Kamba ileile ya katani. Msuko uleule, tena wa kiti chake ndio uliobana zaidi. Akaufuata kwa vidole mpaka miguuni, kwenye lile pengo.

Pengo hilo alilijua tangu utotoni. Msuko uliishia kabla ya kufika ukingoni, na nafasi iliyobaki ilivukwa na kamba moja tu, inayokwenda na kurudi. Alipochora kiti chake alikuwa ameliondoa. Lilimkaa vibaya machoni, kama kazi ya mtu aliyeishiwa kamba.

Akaishika kamba ile, akaivuta. Kitanda kizima kikalia, kikakaza.

"Kumbe!"

"Kumbe nini, wewe wa mvunguni?" Baba alikuwa mlangoni.

"Hii kamba ya mwisho, baba. Nani alikuwa anaivuta?"

"Mimi. Kitanda kikianza kubonyea, mama ananiita: 'Njoo, vuta!' Nilidhani ni adhabu."

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza? Ulinipima makalio, ukaenda zako."

Bi Randa alicheka mpaka akagonga kichwa.

Siku hiyohiyo akaufumua msuko wa kiti upande wa nyuma, akaacha pengo la upana wa kiganja, akapitisha kamba moja ya kwenda na kurudi. Dada yake akachungulia.

"Kamba zimekuishia?"

"Funga mdomo, fungua macho."

Baba aliegemea ukuta, akaivuta kamba kwa mikono yake mwenyewe, akaifunga. Akakaa. Kamba zikalia kidogo, hazikushuka. Dada mtu, kwa mazoea, akanyoosha mikono.

"Irudishe hiyo mikono yako," baba alimwambia.

Mzee akainama mbele, akakandamiza viganja kwenye mikono ya kiti, akasimama. Akatazama nyuma, kana kwamba kuna mtu aliyemsukuma. Akakaa tena. Akasimama tena.

"Baba, utachoka!" dada mtu alisema.

"Niacheni," alisema, akikaa upya. "Bado nachunguza."