Mdomo wa Jenerali

Kwanza ulisikika mshindo mzito bafuni, halafu ndoo ikabingirika, halafu kimya. Fundi ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu mlangoni. Akakimbia na kiatu kimoja mguuni, akamkuta dada yake amekaa chini kwenye maji, gauni limelowa chapachapa, amekikumbatia kichwa cha kaka yao mkubwa. Kichwa kilikuwa salama. Dada alikuwa ametanguliza mkono wake kukikinga, na mkono huo ulishaanza kuvimba.

"Mimi basi," dada alisema. "Nimefika mwisho, mdogo wangu."

Kaka yao huyo walimwita Jenerali. Viungo vyake vilikakamaa tangu kuzaliwa, hakutembea wala hakusema, na akili yake ilikwenda kwa mwendo wake yenyewe. Lakini nyumba nzima iliamka, ikala na ikalala kwa kumfuata yeye, ndipo mama yao akampa cheo. Mama huyohuyo ndiye aliyeanzisha mchezo wa kumsemea. Chai ikiwa haina utamu, mama hakulalamika. Alisema Jenerali anauliza nani kaificha sukari. Watoto wakaudaka mchezo. Aliyetaka kulala mapema alisema Jenerali amechoshwa na kelele. Aliyeona uvivu kwenda dukani alisema Jenerali amemzuia kutoka. Hakuna aliyebishana na Jenerali. Mama alikufa, wakamzika, mchezo ukabaki.

Kwa hiyo ugomvi wa siku zile nao ulipita mdomoni mwa Jenerali. Dada, mkono umefungwa bendeji, alisema Jenerali anataka pahali penye watu wa kumbeba bila kumwangusha. Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma na hasira zake ziliwaka kama mashine yake, akajibu kwamba Jenerali anasema yeye si chuma chakavu cha kutupwa ilhali ndugu zake wangali hai. Dada akasema basi Jenerali anauliza huyo ndugu aliye hai atamwogesha lini, maana anatoka gizani na kurudi gizani. Walishajaribu kuajiri msaidizi: wa kwanza aliaga kwa heshima, wa pili hakuaga kabisa. Jenerali alikuwa kitandani katikati yao, macho juu, akitazama dari. Nyumbani walizoea kusema kwamba anahesabu mijusi.

Wakaenda kuona makao makubwa ya kulelea watu wenye ulemavu. Palikuwa pasafi, hilo Fundi alikiri kwa shingo upande. Lakini vitanda vilipangwa bwenini kama bidhaa ghalani, televisheni ilitundikwa juu mahali ambapo hakuna aliyelala aliyeweza kuiona vizuri, na mama mmoja mwenye aproni alipita na bakuli akilisha huyu, akilisha yule, bila kuwapa nafasi ya kumeza. Fundi alitikisa reli za kitanda kimoja, akasema zimechomelewa na mlevi, akatoka nje. Dada alimkuta getini akizungukazunguka. Hakumbishia. Naye pale hapakumkaa moyoni.

Ya pili ilikuwa nyumba tu, kama nyumba nyingine za mtaa ule, ina kibaraza na kamba ya kuanikia nguo. Waliishi humo watu wachache wenye ulemavu wa namna mbalimbali, na walezi waliopokezana zamu. Chumba kimoja kilikuwa wazi. Safari hii walikuja na Jenerali mwenyewe, kwenye kiti chake cha magurudumu, kwa sababu mlezi aliyepokea simu yao alisema hamwoneshi mtu chumba atakacholala mwingine.

Fundi hakukaa. Aligonga kuta, akafungua bomba akalifunga, akapima mlango wa bafu kwa shubiri, akatafuta kasoro kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mlezi alimwacha. Alipouliza Jenerali hupenda nini, Fundi alijibu kutoka bafuni: Jenerali anasema anapenda kwao. Dada naye akadakia kwamba Jenerali anasema asisikilizwe huyo, yeye anapenda watu na chai yenye sukari nyingi.

Kibarazani alikaa bwana mmoja mnene, redio imebanwa sikioni. Wenzake walimwita Mtangazaji. Hakujua kusoma saa wala kuhesabu chenji, na hilo alilitangaza mwenyewe kabla hujauliza. Alijisogeza hadi kwenye kiti cha Jenerali, akamuuliza kama anataka mpira. Akasubiri. Alisubiri hadi Fundi akaanza kuona aibu kwa niaba yake. Jenerali akafumba macho, akayakaza. Mtangazaji akauliza kama anataka muziki. Akasubiri tena. Macho ya Jenerali yakafunguka, yakapanda taratibu hadi juu. Mtangazaji akageuza kitufe cha redio.

"Amesema muziki," alimwarifu mlezi.

"Wewe umejuaje?" Fundi aliuliza.

"Si nimemuuliza?"

Fundi akacheka, cheko kavu. Akasema huyo anatazama mijusi, ndiyo tabia yake tangu utotoni. Mtangazaji akatazama dari ya kibaraza, akaikagua pembe zote, akasema mijusi hawapo. Halafu akatoa pipi mfukoni, akauliza kama Jenerali anaitaka. Jenerali akafumba macho, Mtangazaji akairudisha mfukoni.

Dada ndiye aliyekaa chini kwanza, pale pale kizingitini. "Sukari," alisema polepole. "Miaka yote namnywesha chai ya sukari, anafumba macho, nasema ona utamu ulivyomkolea." Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtetemeka. Fundi hakujua kama analia au anacheka, na pengine dada mwenyewe hakujua.

Fundi alisogea karibu. Aliinama mbele ya kiti. "Kaka, twende nyumbani, eti? Twende. Anataka twende."

"Umemuuliza au umemwambia?" Mtangazaji alisema. "Mbona humpi nafasi, fundi? Una basi la kuwahi?"

Mlezi alimkanya kwa jicho, lakini Fundi alishachomwa. Akauliza upya. Kunyamaza kulimshinda kuliko kubeba nondo. Ulimi ulimwasha. Wimbo ulikwisha redioni, mwingine ukaanza. Jenerali alimtazama, akamtazama, kisha akafumba macho.

Fundi akasema labda amechoka na jua. Akauliza kwa maneno mengine: hataki chumba chake, hataki kitanda alichomtengenezea kwa mikono yake? Macho yalibaki yamefumbwa. Ikabidi aulize lile alilolikimbia tangu asubuhi.

"Unataka kubaki hapa?"

Macho yakafunguka. Yakapanda juu.

Fundi alikwenda hadi getini, akalitikisa geti mpaka bawaba zikalia. Alikuwa amejiandaa kupigana na dada, na walezi, na dunia nzima. Kupigana na huyo kaka aliyekuwa akimtetea hakujiandaa. Dada alimfuata, akamshika bega kwa ule mkono mzima. Mlezi naye akaja. Akasema hakuna linalofungwa leo: mgeni akae siku chache, ajaribu, na asipopapenda chumba hakina kufuli.

Fundi alirudi kibarazani, akapiga magoti mbele ya kiti, akamfuta kaka yake mate kidevuni kwa kiganja.

"Jumamosi nitakuja," alisema. "Nitakuuliza kama unabaki au tunarudi nyumbani. Nitauliza mara moja tu, kisha nitafunga mdomo wangu na kukaa hapahapa mpaka unijibu, hata jua lituzamie, na utakalosema ndilo nitakalofanya. Nakuahidi, kaka."